Siku ya Kukaa

Jumatatu, 10 Novemba

Nimehamishwa. Yaani bado niko hapa, kitandani kwangu, dirishani kwangu, lakini kwa hesabu za watu wazima nimeshaondoka.

Shangazi alipiga simu tukiwa tunakula. Baba akaweka spika kwa sababu vidole vilikuwa na mchuzi, basi sote tukasikia. Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Anakodisha viti na matenti kule mjini kwake, na huwa haombi kitu — anatangaza. Leo ametangaza kwamba Januari nitahamia kwake. Shule iko jirani tu. Jioni na wikiendi nitakaa risepsheni, nipokee simu, kwa sababu ana wateja wa lugha yetu na wateja wa ile lugha nyingine, ya shuleni, na vijana wake wakiisikia ile nyingine wanakata simu na kusema mtandao mbovu.

Baba akasema sawa, dada. Mama alikwangua sufuria kuliko sufuria ilivyohitaji. Bibi, mama yao baba na shangazi, aliendelea na mfupa wake. Mdogo wangu akauliza kama kitanda changu sasa ni chake. (Mdogo wangu tunamwita Redio. Kinachoingia sikioni kwake kinatoka mdomoni hapohapo, na hana swichi.)

Na mimi? Nilitazama sahani.

Shangazi akasema, "Naona mtoto hana neno. Mtoto mzuri sana huyo."

Sina neno! Nina maneno ya kujaza daftari hili na jingine. Hayatoki tu. Yakifika kooni yanakuta mlango umefungwa, yanarudi tumboni, yanakaa.

Sitaki kwenda. Nimeandika hapa kwa sababu hapa ndipo pekee ninapoweza. Mwakani nilikuwa niwe mhariri wa gazeti la ukutani shuleni. Ile safu ya vichekesho ambayo shule nzima inaisoma na kuangua kicheko ni yangu, na hakuna anayejua isipokuwa mwalimu wa lugha. Huwa nasimama nyuma yao wakicheka. Ndiyo furaha yangu yote. Kule kwa shangazi nitasimama nyuma ya nani? Ya viti?

Jumatano, 12 Novemba

Nina mpango. Nashangaa sikuuona siku ileile.

Jumapili ni Siku ya Kukaa!

Naandika taratibu hapa ili nione kama una shimo mahali. Siku ya Kukaa tunakumbuka siku ambayo mababu zetu walisomewa tangazo kwamba utumwa umekwisha. Mtaa mzima tunatoa viti barabarani, tunakaa kutwa. Na siku hiyo hakuna kutumana. Hakuna lete, hakuna nenda, hakuna hebu nisogezee. Ukitaka kitu unaomba, na anayeombwa ana ruhusa ya kusema sitaki. Sitaki hiyo haiulizwi sababu. Hainuniwi. Na ombi likishakataliwa haliletwi tena mpaka Siku ya Kukaa ya mwaka ujao. (Mwaka jana Bibi aliulizwa kama anakula keki, akasema sitaki kwa kunogewa na neno lenyewe. Mwaka mzima keki zimempita puani. Anazitazama kama mtu aliyeachwa na basi.)

Kwa hiyo: shangazi anakuja na viti vyake kama kila mwaka. Ananiomba nihamie kwake. Nasema sitaki. Imekwisha! Hata baba hawezi kufungua mdomo.

Tatizo ni moja tu. Inabidi niseme.

Nimefanya mazoezi bafuni, bomba likiwa wazi. Mara ya kwanza ilitoka kama kikohozi. Mara ya pili ilitoka vizuri kabisa lakini kwa lugha ya shuleni. Hiyo lugha sijui ina nini. Kwenye mdahalo darasani nilishawahi kumwambia kiranja mkuu kwamba hoja yake haina miguu, na sikutetemeka, kwa sababu nilihisi kama anasema mtu mwingine, binti fulani jasiri aliyeazimwa kinywa changu. Lakini kwa lugha ya nyumbani anayesema ni mimi mwenyewe. Hapo ndipo ninapolifungua bomba zaidi.

Nilipofungua mlango Redio alikuwa ameegemea ukuta.

"Nani anakuposa?" akauliza.

Saa ya chakula nyumba nzima ilikuwa inajua kwamba nimeposwa na nimekataa. Mama akanigusa paji la uso.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimegundua shimo kwenye mpango.

Nilikaa na Bibi nikimsuka, nikamuomba anisimulie tena ile siku ya kwanza. Anaipenda hadithi hiyo kwa sababu ni ya bibi yake mwenyewe. Anasema tangazo lilisomwa asubuhi. Mwenye shamba akasikiliza hadi mwisho, akakunja karatasi, akagonga kengele yake ya kuitia watu kazini na kuwaambia haya, sasa rudini kazini. Kama vile kilichosomwa kilikuwa habari za mvua. Watu wakatazamana. Bibi yake Bibi akakaa chini palepale katikati ya njia, jembe mapajani. Na wengine wakakaa. Mwenye shamba akamwambia inuka. Akasema sitaki.

Sasa hapa Bibi huwa anaanza kucheka kabla hajafika. Mwenye shamba alishtuka, hakujua linalofuata. Hajawahi kusikia neno hilo. Akauliza, kwa nini? Na mwanamke wa watu naye hakuwa na sababu ya kutoa, maana tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumuuliza chochote. Akafikiri, akafikiri, akajibu, "Nimekaa."

Basi. Ndiyo maana siku hiyo tukisalimiana mtu anauliza umekaaje, mwenzake anajibu nimekaa. Na kengele ni ileile. Anaitunza fundi saa wa hapa kona, anaigonga asubuhi tukae na jua likizama tuinuke. Siku nyingine zote imefungwa kitambaa.

Nikamuuliza Bibi kama mtu anaweza kusema sitaki bila kuombwa. Akageuka mpaka suko likanitoka mkononi.

"Sasa mke mwenzangu, utamkatalia nani? Upepo?" Lazima uulizwe, akasema. Asiyeulizwa hana cha kukataa.

Na shangazi hajaniuliza. Nimerudisha kichwani ile simu neno kwa neno. Amemwambia baba. Ameiambia spika. Ameuambia mchuzi. Mimi hajaniuliza, na kwa alivyo, hataniuliza — kwake jambo limeshakwisha.

Kwa hiyo lazima nimfanye aniulize. Mimi. Ambaye hata muuza duka akinirudishia chenji pungufu namshukuru.

Ijumaa, 14 Novemba

Shangazi ameingia na lori. Kabla injini haijazimwa alishawatuma watu watano na paka mmoja. Sitanii, alimwambia paka wa jirani atoke hapo akakae kule, na paka akaenda kukaa kule.

Viti vya plastiki vyeupe, vimebebana kama mikate. Baba na vijana wa lori wakashusha huku shangazi akielekeza kwa kidole kimoja. Mama anamwita wifi kwa sauti tamu sana, ile anayoitumia akiwa amekasirika.

"Shikamoo shangazi," nikasema. Hilo huwa linatoka.

"Marahaba mwanangu. Umeshaanza kufungasha?"

Nilidhani ndiyo hii! Swali! Lakini kabla sijafungua kinywa alishageukia upande mwingine, na hata hivyo kuuliza kama nimefungasha si kuniuliza kama naenda. Na siku yenyewe ilikuwa bado.

Jambo baya ni kwamba ananipenda. Ameniletea viatu. Vimenikaa sawasawa, na hakuuliza namba, alikumbuka tu mguu wangu. Ameniletea na kalamu, nzuri, ninayoandikia sasa hivi. Na aproni ya kijani yenye jina la biashara kifuani. Alinivalisha yeye mwenyewe akanigeuza mbele na nyuma. Akasema pale kwangu utapata sauti. Simu ikilia huna pa kujificha, unajibu tu, mwezi mmoja utakuwa unabishana na madereva wa malori.

Nilipojitazama kwenye kioo nilionekana kama kitu kinachokodishwa.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimechoka hata kidole kinauma. Kesho tunasherehekea uhuru, kwa hiyo leo tumekoma.

Ndivyo inavyokuwa kila mwaka. Kwa kuwa kesho hakuna kutumana, kila mtu mzima anamtuma kila mtoto leo kwa ajili ya leo, kesho, na ikiwezekana Jumatatu. Maji ya siku mbili. Kupika chakula cha siku mbili. Kupanga viti, kuvihesabu, kuvifuta, kuvipanga upya kwa sababu shangazi ameona mstari umepinda. Fundi saa alikuja kuomba mtu wa kumshikia ngazi, nikatumwa mimi. Bibi alinituma nikamletee miwani ambayo alikuwa ameivaa, nikamwambia umevaa, akasema basi niletee maji kwa kuwa ulikuwa umeshasimama.

Lakini hayo si kitu. Nimesalitiwa.

Mchana Redio aliniuliza kwa nini natembea nikisogeza midomo. Nikamwambia. Sijui nilipatwa na nini. Labda nilihitaji mtu mmoja ajue. Nilimwapisha, akaapa, akatoka mbio, na kabla sijafika mlangoni nikamsikia jikoni akimwambia shangazi kila kitu, mpaka bomba la bafuni.

Shangazi alicheka hadi akakaa. Akapangusa machozi. Akamwambia mama kwamba huyu mtoto ana akili kuliko alivyodhani, ndiye hasa wa risepsheni.

"Basi wifi," akasema, "kesho simuulizi hata saa."

Jumapili, 16 Novemba

Asubuhi. Nimeleta daftari kitini. Redio ameomba kuona naandika nini. Nimesema sitaki! Imetoka! Ndogo, lakini imetoka. Ameduwaa. Sasa hawezi kuuliza tena mpaka mwakani. Laiti ningejua hili tangu zamani.

Kengele imeshapigwa, mtaa mzima umekaa. Kila nyumba na mstari wake, wakubwa mwanzo, wadogo mwisho. Bibi, shangazi, baba, mama — na mimi ningekuwa baada ya mama, ila mama amehama kukaa na rafiki yake mshonaji kule ng'ambo ya barabara, akisema leo hakuna wa kumwambia asikae huko. Baba akamfuata Bibi upande wa kivuli. Ikabaki nafasi karibu na shangazi, nikaijaza. Polepole. Kiti kimoja kwa mkono, kama natafuta tu kivuli.

Shangazi ametazama mbele. "Jua la leo zuri," amesema, kuiambia barabara.

Saa sita hivi. Lazima niandike hili kabla sijasahau hata moja.

Shangazi alitaka chai. Kidole chake kilishainuka, kikakumbuka, kikashuka. Akamuomba Redio. Redio akasema sitaki, kwa sauti ambayo nyumba ya tatu waliisikia. Akamuomba baba. Baba alianza kuinuka, magoti yake yalishazoea, halafu akabaki nusu, kati ya kusimama na kukaa.

"Sitaki, dada," akasema.

Naapa alishangaa kuliko sisi wote. Akakaa tena taratibu, akashika kiti pande zote mbili, akatabasamu kama mtu aliyejikuta anajua kuogelea. Kule ng'ambo mama alipiga makofi.

Shangazi akasema sawa, kwa kuwa hainuniwi. Akainuka akajichukulie mwenyewe — na shingo ikarudi nyuma. Mtandio wake! Pembe yake ilikuwa chini ya mguu wa kiti changu. Sikukusudia, kweli. Nilipokisogeza kiti nilikikalisha juu yake bila kuona.

Akanitazama. Nikamtazama. Angesema tu "nipishe mwanangu," basi. Lakini hilo ni ombi. Na kwangu alishaapa hataki swali wala ombi, asije akanipa mlango.

Akakaa tena. Bila chai.

Na mimi sikuinuka. Sijui nilipata wapi ugumu huo. Nilitazama barabara kama yeye.

Bado tumekaa. Kichwa chake kimeinamia upande wangu kama maua kwenye chupa. Angeweza kuuvua, lakini leo hajasuka nywele, na mtaa mzima upo. Fundi saa amepita kumsalimia, umekaaje? "Nimekaa," amejibu, shingo upande. Fundi akasema mwaka huu umekaa kweli.

Alasiri. Mambo yamegeuka, sijui niandikeje.

Tulikaa hivyo, bega kwa bega kwa sababu ya ule mtandio. Bibi alikuwa anasinzia upande wake wa pili. Shangazi akaanza kusema, chini chini, bado anatazama mbele.

"Sikuulizi kitu. Nasema tu."

Akasema alipokuwa na umri wangu alipelekwa kwa mjomba wake kuuza duka. Aliambiwa ni bahati. Alifungashiwa sanduku kabla ya Siku ya Kukaa, akajua atapata nafasi ya kusema. Akakaa kiti cha mwisho, mwisho wa mstari, kutwa. Kila mtu mzima akipita, yeye anamtazama, anangoja aulizwe. Wakampita kama wanavyopita mti. Kengele ikapigwa. Kesho yake akapanda gari.

"Nilijifunza hukohuko kutosubiri kuulizwa," akasema. "Wala kuuliza."



Halafu Bibi, ambaye tulidhani amelala, akasema bila kufumbua macho, "Ulitaka kwenda?"

Shangazi aligeuka haraka mtandio ukamkaba.

"Mama. Leo ndiyo unaniuliza?"

"Leo ndiyo Siku."

Shangazi ana mvi pembeni ya uso. Sikuwahi kuziona kwa karibu hivi.  Yeye, anayebishana na madereva wa malori, alishika kiti pande zote mbili kama baba.

"Sitaki," akasema. Halafu akajirekebisha, "Sikutaka," lakini ile ya kwanza ndiyo ilikuwa yenyewe. Ilitoka ndogo. Kama kikohozi.

Bibi haruhusiwi kuuliza sababu. Haruhusiwi kununa. Akafumbua macho, akamtazama mwanawe muda mrefu, akasema haya, nimesikia. Kisha, kwa kuwa Bibi ni Bibi, akamuomba amletee maji.

"Sitaki," shangazi akasema, safari hii kwa sauti yake ya kazini, na wote wawili wakaanza kucheka mpaka viti vikalia. Baba akauliza kuna nini. Wakazidi kucheka.

Nikainua mguu wa kiti, nikautoa mtandio. Sikuombwa. Shangazi akanyoosha shingo, ikalia kaa. Nikadhani sasa atainuka akafuate chai yake.

Hajainuka.

Karibu jua kuzama. Naandika haraka, herufi zinaruka.

Fundi saa ameshafungua kitambaa, amesimama na kengele. Watu wanaanza kukusanya sahani. Na shangazi amekigeuza kiti chake. Si shingo, kiti chote, ametazamana nami, magoti kwa magoti. Amekaza ule mtandio chini ya kidevu.

"Mwanangu," amesema. "Unataka kuja kwangu?"

Ameuliza! Barabara nzima imesikia. Redio amekuja kusimama hapa na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hana tangazo. Mama amesimama ng'ambo, mkono kinywani. Baba anatazama viatu vyangu, vile vipya. Fundi saa ameishika kengele ulimi wake usigonge.

Nilifungua kinywa. Neno lilikuwepo, nimelifanyia mazoezi wiki nzima, lilikuwa limekaa juu ya ulimi kabisa. Na hapohapo nikagundua kwamba sijawahi kujiuliza mwenyewe. Nilikuwa na sitaki mkononi kama jiwe, muda wote nikitafuta wa kumrushia, na sasa amekaa mbele yangu na macho yaleyale ya kiti cha mwisho.

Gazeti langu. Dirisha langu. Sitaki, ndiyo. Nadhani sitaki. Ila sasa nataka niiseme vizuri, isimuumize, na isiwe kwa lugha ya kuazima.

Kwa hiyo nimeinamia daftari badala ya kujibu. Mkono unatembea, mdomo hautembei. Kila mtu anaona. Aibu gani hii!

Jua limebaki kipande juu ya paa la fundi saa. Fundi saa amekohoa. Baba ameanza kusema mtoto haraka basi, shangazi amemnyamazisha kwa kidole kilekile kimoja, na leo hairuhusiwi, na hakuna aliyelalamika.

Amejiegemeza kwenye kiti chake cheupe. Amekunja mikono. Sijawahi kumwona akisubiri kitu, sikujua kama anaweza.

"Andika tu, mwanangu," amesema. "Nimekaa."